Mfalme Alikuja na Punda, Watumishi Wanakuja na Ving'ora

Kila Jumapili ya Matawi tunakata makuti, Kibaha na Kisarawe, mpaka minazi ya watu inabaki vipara. Watoto wanasuka misalaba, kwaya inatangulia, akina mama wanafuata na vitenge vya umoja wao, na sote tunashika njia tukimshangilia Mfalme aliyepanda punda.

Mwezi haujaisha, tumeshika tena makuti, tumejipanga pembeni ya barabara tunamsubiri mtumishi. Anafika saa mbili baada ya muda aliosema. Anashuka kwenye shangingi la vioo vyeusi. Mabaunsa mbele, mabaunsa nyuma, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni kumbebea Biblia. Vigelegele! Wengine wanatandika khanga ili apite juu yake.

Makuti yaleyale. Vigelegele vilevile. Mfalme siye.

Nimechoka. Na wewe unayesoma umechoka pia, ila umezoea kuchoka kimoyomoyo. Unarudi nyumbani, unavua viatu, unamwambia mwenzako kwamba leo mchungaji amezidi. Jumapili inayofuata uko palepale, benchi la tatu, unaitikia amina kabla hata hajamaliza kusema.

Hivi tunasoma Biblia gani?

Yesu hakupanda punda kwa sababu alikuwa amechoka. Alitoka Galilaya, akapita Yeriko, akapanda mlima mpaka Bethania. Mteremko ule mfupi wa Mizeituni usingemshinda. Alituma watu kijijini wakamletee punda kwa makusudi, maana nabii Zekaria alikwisha kusema kwamba mfalme wa Sayuni atakuja hivyo, mpole, juu ya mnyama wa mizigo. Na punda mwenyewe wa kuazima! Mfalme anaingia mjini kwake na mnyama wa watu, na amekwisha kuahidi kumrudisha.

Hapo ndipo mahubiri yetu yanapokatika. Punda, makuti, hosana, tukae chini, sadaka ya kwanza. Zekaria hakuishia hapo. Mstari unaofuata, ule tunaouruka kila mwaka, unasema mfalme huyo atayaondoa magari ya vita na farasi wa vita katika nchi yake mwenyewe, upinde utavunjwa, naye atawatangazia mataifa amani. Angalia anaanzia wapi. Hawanyang'anyi maadui silaha zao. Anaanza na za kwake.

Sasa nikuulize. Katika Biblia nzima, nani alikuwa na msafara? Nani alikuwa na watu wa kukimbia mbele ya gari lake?

Absalomu. Fungua Samweli wa Pili, sura ya 15, usome mwenyewe. Alijipatia gari na farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake, na hadithi ile inaishia kwa mwana kumwinulia baba yake silaha. Kisha akaja Adoniya. Gari, wapanda farasi, watu 50 walewale wa mbio, naye anakitaka kiti ambacho hakupewa. Lakini Daudi alipotaka Sulemani atawazwe, alisema apandishwe kwenye nyumbu wake wa siku zote ateremshwe Gihoni. Basi.

Mwenye msafara, kwenye Biblia, ni mpinduzi. (Najua, Sulemani naye alikuja kujaza mabanda ya farasi. Na watu walilemewa na nira yake, hata alipofumba macho tu ufalme ukapasuka vipande viwili.)

Kabla ya hao wote wazee wa Israeli walimwendea Samweli wakidai mfalme, nao wafanane na mataifa mengine. Mzee aliwaonya mpaka sauti ikamkauka. Atawachukua vijana wenu wakimbie mbele ya magari yake. Atachukua mashamba yenu yaliyo mazuri awagawie watu wake. Atatoza sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Siku mtakapolia, hakuna atakayewasikia. Wazee wakasema hatujali, tupe mfalme.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawa wafalme wetu hawakuanguka kutoka mbinguni. Tumewaunda kwa mikono yetu, kwa vigelegele vyetu, kwa M-Pesa zetu.

Simama Maili Moja siku ya msafara wa mkubwa. Trafiki anainua mkono, kila kitu kinaganda. Malori ya Tunduma yanaganda. Mabasi ya mikoani yanaganda. Bajaji iliyobeba mgonjwa wa kukimbizwa hospitali ya Tumbi inaganda. Jua la Pwani unalijua. Unasubiri hujui unamsubiri nani, wala anakwenda wapi. Kisha ving'ora, magari meusi, vumbi, kimya. Hakuna aliyeshusha kioo kusema samahanini jamani.

Na wewe uliyesimama pale ukifuta jasho, ulifanya nini? Ulitoa simu ukapiga picha.

Mwaka 1963, Tanganyika ingali changa, Mwalimu Nyerere alitoa waraka akiwakemea wenzake kwa kuchanganya heshima na makuu. Alikerwa hata na wimbo wa taifa kupigwa kila anapojitokeza mahali. Rais analalamika kwamba anatukuzwa kupita kiasi! Nitajie mwingine. Tena hakuwa mgeni wa milima yetu. Alifundisha Pugu, St. Francis, pale ukingoni mwa Kisarawe, mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aitumikie TANU. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kwa hiyo kama ni utukufu angeweza kuudai kwa damu. Akabaki Mwalimu. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliuacha uwaziri mkuu kwa Rashidi Kawawa akaenda kukijenga chama kwa wananchi.

Simfanyi malaika. Wapo waliowekwa kizuizini bila kesi enzi zake, na wapo waliohamishiwa vijijini kwa nguvu; wanaotaka atangazwe mtakatifu wayakumbuke hayo nayo. Lakini hili la punda alilielewa kuliko maaskofu wengi ninaowaona.

Wanasiasa nawaacha hapo. Hao waliapa kwa Katiba, hawakuapa kumfuata aliyepanda punda. Waliovuruga roho yangu ni hawa wetu.

Tembea kutoka Kiluvya mpaka Mlandizi uangalie mabango. Mtume. Nabii. Mtume na Nabii. Askofu Mkuu. Askofu Mkuu Kiongozi. Uso wa mwanadamu na suti yake, mkubwa kuliko msalaba. Yesu akipata nafasi anaandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, jirani na namba ya kutumia sadaka.

Usicheke, wewe wa kanisa la zamani. Usidhani nawasema walokole peke yao. Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, sisi tumejificha nyuma ya kengele na majoho. Siku ya harambee viti vya mbele vimevalishwa vitambaa vyeupe, vina maji ya chupa. Hapo anakaa mgeni rasmi, mheshimiwa ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harambee iliyopita. Mjane aliyeleta kuku wake kwenye mnada yuko nyuma, karibu na spika inayokoroma. Mheshimiwa anatoa bahasha, anakaribishwa mimbarini aseme machache, anasema mengi. Mjane yule aliwahi kunyoosha mkono kwenye mkutano wa usharika akauliza fedha za bati zimekwenda wapi. Aliambiwa akae chini, asiwahukumu watumishi wa Mungu.

Nani aliyemwambia akae chini? Mchungaji? Hapana. Ni sisi, waumini wenzake. Tulimgeukia tukamsonya.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tumemsifu mgema mpaka tunakunywa maji matupu na bado tunayumba tukijidai tumelewa.

Na haya si mambo ya kuchekesha barazani. Yanaua.

Februari 1, 2020, Moshi. Watu walijaa uwanjani kwenye ibada, wakaitwa wakakanyage mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Wakakimbilia wote kwa pamoja. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana, watoto wakiwamo. Ishirini! Walitoka nyumbani kufuata baraka, wakarudishwa kwa majeneza. Mfalme mpanda punda alikuwa akigusa wakoma mmoja mmoja, akiwauliza vipofu wanataka nini. Sisi tumefika mahali baraka imemwagwa sakafuni na mwenye nguvu anampita mwenye miguu dhaifu, juu ya mgongo wake.

Tulijifunza nini? Wewe uliyeapa siku ile kwamba hutakanyaga tena mafuta ya mtu, leo chupa iko wapi kama si juu ya kabati?

Mwaka 2023 ikaja Shakahola, kaunti ya Kilifi, Pwani hiihii yetu upande wa Kenya. Waumini walifunga kula mpaka wakafa msituni, kwa mafundisho ambayo mchungaji Paul Mackenzie ameshitakiwa kwayo. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Kabla yake, Machi 2000, Kanungu, Uganda, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Nasi huku tukasema, hao wamechanganyikiwa, sisi tuna akili zetu.

Tuna akili zetu?

Shakahola haikuanza na njaa. Kanungu haikuanza na moto. Zilianza na mtu mmoja ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza swali. Zilianza siku muumini mmoja alipoambiwa akae chini akakaa. Kila kanisa ambalo mkubwa wake haulizwi limekwisha kuanza safari hiyo, hata kama linaimba vizuri, hata kama lina shule na zahanati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na huu si ufa tena ndugu yangu, hapa mbuzi anapita.

Hata bila nabii wa mafuta tumewahi kuumizana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Meru, Walutheri kwa Walutheri waligombana juu ya dayosisi na uongozi, mpaka wakashambuliana na kuchomeana nyumba. Kanisa moja, ubatizo mmoja, damu mbichi. Walikuwa wanagombea punda?

Utaniambia, mbona Ukristo wenyewe ulifika kwetu na wakubwa? Kweli kabisa, na hilo tulitazame bila kupepesa. Wabenediktini wa Kijerumani waliingia Pugu mwaka 1888, wakati uleule ambao kampuni ya Wajerumani ilikuwa inapandisha bendera yake pwani. Msalaba na bendera vilipanda kwa pamoja, nani angevitenganisha? Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani hao, misheni ya Pugu ilivamiwa, baadhi ya wamisionari wakauawa, wengine wakatekwa. Siisherehekei damu ile; mauaji ni mauaji. Lakini Mzaramo wa siku zile angejuaje kwamba mfalme anayehubiriwa alivunja pinde, wakati wahubiri wamefika msimu mmoja na mizinga? Desemba mwaka uleule Abushiri akanyongwa Pangani. Walutheri wa Berlin wakaja kujenga Kisarawe na Maneromango. Nyuma yao ikaja kodi ya kibanda. Ikaja pamba ya shuruti. Ikaja Maji Maji, na njaa baada ya Maji Maji. Mfalme wa amani alihubiriwa milimani kwetu huku bunduki ikikohoa.

Zaidi ya karne imepita. Jirani zetu wengi hapa Pwani, Kisarawe hasa, ni Waislamu, na wanamjua Isa bin Mariamu. Katika masimulizi yao ni mtu wa zuhudi, asiye na nyumba wala mali, anayelalia jiwe. Wanatutazama barazani. Gari la mtumishi likipita linapiga king'ora cha kununua dukani, jirani yako anasemaje moyoni? Anasema huyu hafanani na Isa ninayemsikia. Na anamfahamu Yesu kuliko wewe unayepunga kuti.

Halafu tunapanda mimbarini kuhubiri amani.

Amani, amani, amani. Mwaka 2025 wote tuliisikia mpaka masikio yakaota sugu. Kongamano la amani, dua ya amani, fulana ya amani. Aprili 30 mwaka ule Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alipigwa akaumizwa Kurasini, kwenye makao makuu ya baraza hilo. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, watu wakaingia barabarani, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam hapa jirani ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Waliokufa ni wangapi? Mpaka leo tunabishana kuhusu idadi, mama zao hawabishani.

Wapo viongozi wa dini waliosema, na nawavulia kofia. Lakini wangapi walituambia tu tutulie? Luka anasimulia kwamba yule aliyepanda punda, alipouona mji, aliulilia, kwa sababu haukujua mambo yanayouletea amani. Alilia hadharani, katikati ya shangwe, nguo zingali zinatandikwa njiani. Kisha akaingia hekaluni akawafukuza wafanyabiashara, na katika Mathayo na Marko meza zinapinduliwa. Mpole huyohuyo! Upole wake haukuwa wa kunyamaza. Alikuwa mpole kwa kilema na mjane, na alikuwa moto kwa wenye meza. Sisi tumegeuza: moto tunamwashia mjane aliyeuliza fedha za bati, upole tunamwekea mwenye bahasha.

Alhamisi Kuu tunaosha miguu ya wazee 12 iliyokwisha kuoshwa nyumbani kwa sabuni ya kunukia. Mwaka uliobaki tunabusu viatu.

Nikuonyeshe walipo waliobaki na punda wao. Kisarawe punda hawaonekani sana. Punda wa Kisarawe ni baiskeli. Ile inayobeba magunia ya mkaa alfajiri kuelekea Gongo la Mboto, ndiyo hiyo Jumapili mwinjilisti au katekista anayoipanda kwenda kigangoni, mchanga ukimshika matairi, mvua ikimkuta njiani, akahubirie watu 15 chini ya mwembe. Anazika wafu wao. Anajua mtoto gani hajaenda shule. Posho yake, ikija, inakuja imechelewa. Mkutano mkuu ukifika anatambulishwa mwisho, kwa pamoja na wapishi, na wote mnapiga makofi matatu.

(Punda wenyewe tulikaribia kuwamaliza. Afrika nzima ilikuwa inawachuna ngozi kuuza China, mpaka Umoja wa Afrika ukapiga marufuku mwezi Februari 2024. Mnyama aliyembeba Mfalme kumbe alihitaji azimio la marais ili abaki na ngozi yake.)

Kanisa Katoliki lina sikukuu ya Kristo Mfalme. Papa Pius wa Kumi na Moja aliiweka mwaka 1925, Mussolini akiwa amekwisha kuikalia Italia na umati ukimshangilia viwanjani. Papa alitaka kuwakumbusha watu kwamba mfalme ni mwingine. Miaka 100 imetimia. Tunaisherehekea kwa maandamano na ngoma, kisha mchana, kwenye ukumbi wa chakula, kuna meza ya wakubwa yenye kuku mzima na meza ya waumini yenye shingo na miguu.

Hivi kweli hamuoni?

Mnaona. Mnaona sana. Mnaogopa laana. Mmeambiwa ukimgusa mtumishi utakauka mkono, na mnaamini, ninyi watu wazima wenye vyeti na wajukuu. Yohana anaandika kwamba watu walipotaka kumshika Yesu wamfanye mfalme kwa nguvu, aliwatoroka akapanda mlimani peke yake. Kuutoroka utukufu! Hawa wetu ungewatorosha vipi kwenye utukufu, na ninyi mmeshika mlango kwa nje?

Kadi ya mchango wa gari jipya la mchungaji imenifikia. Analoendesha sasa ni zima, juzi tu nimeliona linapanda kilima halijakohoa. Kadi ina nafasi ya jina, kiasi na saini. Nimeandika jina langu. Penye kiasi nimeandika: nileteeni kwanza mapato na matumizi ya mwaka jana, halafu niambieni bei ya baiskeli sita za wainjilisti. Nimesaini. Kamati inapita Jumamosi kukusanya. Yako najua iko kwenye kabati, kando ya ile chupa ya mafuta, na umeshaanza kuwaza ukope kwa nani. Itoe uiandike hivyohivyo. Wakiikuta nyumba moja wataniita mwasi. Wakiikuta kila nyumba, wataitisha kikao.